Doa la Usiku wa Alhamisi

Shefshaweni, Jumamosi, 26 Shaabani 1391

Zhor, binti wa marehemu ndugu yangu,

Amani ikutangulie hapo Toulouse kabla ya barua hii, kwa kuwa posta ya huku haijawahi kushtakiwa kwa haraka. Sisi hatujambo. Mke wangu Lalla Shama anakusalimu, na anauliza kama bado unakula mkate uliokatwa kwa mashine. Tini tulizianika juu ya paa. Nusu yake zimeliwa na ndege, au na mimi. Shauri hilo lingali linachunguzwa.

Yule bwana muuza redio wa uwanjani, Si Larbi kama heshima inavyotaka tumwite, amewaambia wazee wa msikiti kwamba mji wenye redio hauhitaji tena mtu wa kupima nyakati za sala. Wazee wamesema watalitazama suala hilo baada ya Idi. Kazi hii niliipokea kwa babu yako, naye aliipokea kwa babu yake. Kwa miaka thelathini na moja sijaichelewesha adhana hata kwa muda wa kumeza mate.

Sasa jambo lenyewe. Unaikumbuka darubini ya shaba niliyoinunua kwa yule ofisa wa Kihispania alipokuwa akifungasha virago. Wiki hii niliipandisha juu ya paa kuiandaa kwa hilali ya Ramadhani. Usiku wa Ijumaa, 25 Shaabani, mara baada ya adhana ya isha, niliona upande wa magharibi kitu mfano wa pamba iliyochambuliwa: hafifu, kisicho na ukingo. Nikakifuatilia mpaka kilipotua nyuma ya kilima, na kilikuwa kimesogea kidogo miongoni mwa nyota. Nyota hazina tabia hiyo, na sayari zote ninajua zilipolala. Kwa hiyo ni nyota yenye mkia, ingawa kwa sasa mkia wenyewe ni kama wa mbuzi.

Asubuhi hii nimekupelekea telegramu yenye mahali na wakati. Iwasilishe panapohusika. Nasikia nyota za namna hii hupewa jina la aliyeziona. Sina tamaa ya makuu. Ila ningependa Si Larbi alisikie jina la Afailal likitoka katika redio yake mwenyewe.

Kuhusu kilichonifanya niangalie upande ule hasa, sioni haja ya maelezo.

Ami yako,
Mfeddal Afailal


Toulouse, 25 Oktoba 1971

Ami yangu mheshimiwa,

Ramadhani iwe nyepesi kwenu na nzito kwa shetani. Mimi ninafunga, na kazi yangu katika chumba cha hesabu cha kituo cha nyota haijapungua kwa ajili hiyo. Jioni nakunywa supu ya kopo. Tafadhali ukurasa huu usimsomee Lalla Shama. Mkate ni wa mashine.

Telegramu yako ilifika siku ileile, nami nikaijaza katika fomu na kuipeleka kwenye Ofisi ya Matangazo, inayopokea habari za nyota mpya kutoka kila pembe. Jibu limekuja, na ninaliandika huku kalamu ikisitasita.

Nyota ipo. Lakini imeonwa na Bwana Iwamura, fundi wa saa huko Japani, Alhamisi jioni, tarehe 14 Oktoba, na ikatangazwa Ijumaa adhuhuri. Taarifa yako ni ya Ijumaa jioni, baada ya tangazo. Hilo peke yake lingesameheka. Lisilosamehewa ni mahali ulipopataja. Nyota hii hutembea digrii moja na nusu kwa siku, yaani upana wa miezi mitatu iliyopangwa mstari mmoja. Nawe umeiweka si pale ilipokuwa Ijumaa, bali ilipokuwa siku moja kabla. Karani wa Ofisi ameandika pembeni kwa penseli: *Huyu amenakili tangazo, na amenakili vibaya.*

Najua hukunakili. Lakini je, yawezekana saa ya msikiti imepata hitilafu? Au mtu akikaa sana peke yake juu ya paa, siku huweza kumchanganyikia? Nakuuliza kama mkokotozi, si kama binti yako.

Wako mtiifu,
Zhor


Shefshaweni, Jumamosi, 17 Ramadhani 1391

Binti Zhor,

Salamu. Afya ipo. Ndege nao hawajambo.

Umeniuliza kama nimekosea siku. Unaweza kumuuliza mwokaji kama aliisahau chumvi. Mpima nyakati humuulizi kama aliisahau Alhamisi.

Lazima ujue kwamba barua yako niliisoma barazani, kwa sauti, mbele ya watu, kwa kuwa nilidhani ni ya pongezi. Nilifika kwenye penseli ya karani kabla sijaweza kujizuia. Tangu hapo Si Larbi hukaa mlangoni mwa duka lake kila jioni tunapoingoja adhana ya kufuturu, tende mkononi, na kuniita ng'ambo ya uwanja: "Si Mfeddal! Leo siku gani? Tule, au tungoje kesho?" Watu hucheka kwa adabu, na kicheko cha adabu ndicho kibaya zaidi. Wazee wa msikiti wakipishana nami hunitazama kama mtu anavyoitazama saa iliyosimama. Baada ya Idi wataamua, na sasa najua wataamuaje.

Nilisema usiku wa Ijumaa. Nasema tena usiku wa Ijumaa. Siongezi neno, wala sipunguzi.

Mfeddal

Nilikwisha kutia saini, lakini Lalla Shama amesimama nyuma ya bega langu. Ananiamuru niandike: "Mwambie ukweli wote. Mwambie na lile la Rahma." Rahma ni yule jirani yetu mjane, na lile lake halihusiani na elimu ya nyota. Nimemjibu kwamba wino umekwisha. Amekiinua kidau cha wino na kukitikisa. Umekwisha.


Toulouse, 2 Desemba 1971

Ami yangu,

Mikono yako yote miwili naibusu kabla hujaikunja barua hii. Idi iliyopita iwe imewakuta na siha. Nimekaa zaidi ya wiki tatu bila kukujibu, na kwa mara hii posta haina kosa.

Ghorofa ya chini ya ninapokaa yupo mama wa Kialjeria, Khalti Warda. Katikati ya Ramadhani alinialika futari, usiku wa Ijumaa. Nikanunua halua, nikavaa vizuri, nikagonga mlango wake Ijumaa jioni. Alifungua akiwa na kanga ya jikoni kiunoni. Nyuma yake sufuria kubwa lilikuwa limefudikizwa, likimwaga maji ya mwisho.

"Jana tulikungoja mpaka supu ikaota ngozi," akaniambia. "Huko kwenu usiku wa Ijumaa huja lini, mwanangu? Jumamosi?"

Alinikaanga mayai. Niliyala bila kuyaonja. Nilikuwa nikiiona telegramu yako mbele ya sahani.

Uliandika: usiku wa Ijumaa, 25 Shaabani. Nikafungua jedwali la tarehe. Jedwali likasema 25 Shaabani ni Ijumaa, 15 Oktoba. Nikajaza katika fomu: Ijumaa, 15 Oktoba, jioni. Jedwali halikukosea, ila jedwali huhesabu mchana. Aliyekosea ni mimi, niliyezaliwa nyumba ya tatu kutoka mnarani kwako, nikasahau kwamba kwetu siku huanza jua linapozama na usiku hutangulia mchana wake. Ulikuwa ukisema usiku wa kuamkia Ijumaa. Ulikuwa ukisema Alhamisi. Nyota nayo ilisema Alhamisi. Wewe na nyota mlipatana tangu mwanzo, na mkokotozi aliyeketi katikati ndiye aliyewagombanisha. Kisha mkokotozi huyohuyo akaisingizia saa ya msikiti. Katika barua yangu ya kwanza sikukueleza kwamba tarehe ile niliiandika mimi. Nilifikiri halina umuhimu. Hapana: nilifikiri lina umuhimu.

Nimekwisha kuungama kwa Ofisi. Karani anakubali kwamba mimi ni mzembe, lakini anataka kitu kizito kuliko neno la binti wa ndugu: kitabu cha kumbukumbu, shahidi, chochote cha kabla ya lile tangazo. Ukikileta, utakuwa wa pili, maana jua la Japani huzama saa tisa kabla ya lenu. Kanuni yao ni darubini moja, jina moja, la aliyetangulia kuona. Nyota itaitwa Iwamura-Afailal. Nimelitamka mara kadhaa peke yangu ofisini. Limekaa vizuri.

Na kama wino umepatikana, lile la Rahma ni lipi?

Zhor


Shefshaweni, Ijumaa, 28 Shawwali 1391

Binti yangu mpendwa, mkokotozi mkuu wa Toulouse, mtaalamu wa supu iliyopoa,

Idi tuliila vizuri. Lalla Shama amekuwekea chupa ya zeituni na jibini ya mbuzi iliyofungwa kwa majani, na anasema Khalti Warda huyo ni mwanamke wa maana. Barua yako niliisoma barazani, safari hii baada ya kuisoma kwanza nyumbani. Si Larbi alisikiliza hadi mwisho, akasema hata redio yake hulikosea jambo hilo, akakumbuka kwamba ana mteja. Wazee wamesema watangoja neno la Ofisi. Basi, kila kitu sasa kinategemea kitabu changu cha kumbukumbu, na ndiyo sababu ya wino kupatikana.

Naliandika la Rahma kwa utaratibu, kama ushahidi mbele ya kadhi, kwa kuwa siliwezi kwa njia nyingine.

Jumatano alasiri, 23 Shaabani, niliielekeza darubini pale mwezi mwandamo ulipotarajiwa kuonekana wiki moja baadaye. Nikakaza parafujo, nikaandika kitabuni vipimo vya maduara yake yote mawili ya digrii, la mlalo na la wima. Mahali hapo pako juu kidogo ya paa la Rahma. Kosa hilo ni la mwezi. Lakini Lalla Shama alikuwa ameniona siku nne mfululizo nikiinama kwenye kioo kuelekea upande ule, naye alijumlisha. Hesabu si mali ya ukoo wetu peke yetu.

Usiku wa Alhamisi, yaani Jumatano jioni kwa matumizi ya Toulouse, mimi nilikuwa mnarani nikimpa mwadhini ishara ya isha. Lalla Shama alipanda juu ya paa ili aone ninachokiona. Hakuigusa parafujo, kwa kuwa alitaka kunikamata nilivyo. Mwadhini alipoinua sauti tu, aliweka jicho. Rahma hakuwapo, na angekuwapo angeonekana amesimama kwa kichwa, maana kioo kile hupindua kila kitu. Katikati palikuwa na doa jeupe. Akapangusa kioo kwa ncha ya mtandio. Doa likabaki. Akapangusa tena. Likabaki. Yote hayo hayakumaliza dakika moja. Hakungoja zaidi, kwa sababu alikuwa na haraka ya kunikabili mlangoni.

"Kioo chako kina doa."

"Ni la kidole chako."

"Kidole changu ni kisafi kuliko nia yako, Mfeddal. Nimepangusa mara mbili. Na huyo Rahma, umemficha wapi?"

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Usiku uliofuata, ule wa Ijumaa unaoujua, adhana ilipokwisha nilipanda niikute alama ya kidole chake nimwoneshe. Haikuwapo. Nilifurahi. Kisha, kwa kuwa furaha ya bure humtia mtu shaka, nililegeza parafujo nikatafuta kandokando, nami nikalikuta doa, mbali na pale. Alama ya kidole haihami. Ndipo nikakuandikia kwamba *niliona*. Neno hilo limenikaa kooni kwa miezi miwili kama mwiba wa samaki.

Nakutumia ukurasa wenyewe wa kitabu, wenye vipimo vya Jumatano, na wakati wa adhana, ambao ninaujua kwa sekunde kwa sababu ishara niliitoa mimi. Wa Alhamisi umo pia. Kanuni nimeielewa: darubini moja, jina moja. Hesabu zikikubali, jina ni la aliyepangusa; naye, kama wanawake wote wa kwetu, hajaacha jina la baba yake. Ni Buhlal. Hesabu zikikataa, nitaridhika kuwa wa pili, wala sitasikitika kupita kiasi.

Kokotoa kwa haki. Usinihurumie, wala usimhurumie yeye. Hajui kama nimekuandikia haya. Anadhani ninaorodhesha zeituni.

Ami yako,
Mfeddal


Toulouse, 20 Januari 1972

Ami yangu, na Lalla Shama, kwa kuwa barua hii ni ya wote wawili,

Zeituni zimefika salama. Jibini imefika pia, na ofisi nzima imejua kwamba imefika. Nusu nimempelekea Khalti Warda, naye amenialika tena. Safari hii ameandika siku na tarehe kwenye karatasi, akaipigia mstari chini.

Nimekokotoa mara tatu. Mara ya tatu nilimpa mwenzangu namba bila kumweleza ni za nani wala ninatarajia nini. Sote wawili tumepata jibu moja. Jumatano, tarehe 13 Oktoba, mwadhini wa Shefshaweni alipoanza isha, nyota ile ilikuwa ndani ya duara la darubini yenu, karibu na katikati, umbali wa theluthi moja ya upana wa mwezi. Lalla, hukuliona doa. Uliiona nyota yenye mkia, saa kumi na tano kabla ya Bwana Iwamura na kabla ya mtu mwingine yeyote anayejulikana.

Ami, sasa lako. Darubini iliyokazwa haifuati mbingu. Mbingu ndizo hupita mbele yake. Kama adhana yako ingewahi au kuchelewa kwa dakika nne tu, nyota ingekuwa nje ya kioo, na Lalla Shama angeona giza tupu. Ushahidi wote umesimama juu ya sauti ya mwadhini. Karani ameifuta penseli yake. Nimeona mahali kifutio kilipokwangua karatasi. Badala yake ameandika kwa wino: *Saa ya mahali hapo ni ya kuaminika.* Nimeambatisha nakala yenye muhuri, kwa ajili ya wazee.

Tangazo limechapishwa. Nyota inaitwa Buhlal-Iwamura. Jina lako halimo, Ami. Nilitafuta njia ya haki ya kuliingiza, na sikuiona.

Kwa sasa imezunguka nyuma ya jua na inafifia. Kwa hesabu yangu itarudi baada ya miaka elfu kumi na moja, nikikosea kwa mia kadhaa. Tarehe sitaijaza mimi.

Zhor


Shefshaweni, usiku wa Jumapili, 20 Dhulhija 1391
(yaani Jumamosi jioni, naandika hivi kwa ajili ya wasomi)

Binti yangu Zhor,

Heri ya siku za Idi zilizopita. Kondoo alikuwa mkaidi hai na mkaidi chunguni. Meno yangu yamebaki yote isipokuwa lile moja, ambalo halikuwa na mustakabali.

Barua yako niliisoma barazani bila kuruka neno, hata lile la jina langu kutokuwamo. Nakala ya karani wazee waliipokezana kwa mikono miwili. Mkubwa wao, ambaye hajui Kifaransa, aliitazama mihuri kwa muda mrefu, akasema karatasi yenye muhuri mwekundu haiwezi kuwa na makosa. Ufunguo wa mnara umebaki kiunoni mwangu. Siku mbili baadaye redio ilisoma habari yenyewe. Si Larbi aliongeza sauti mwenyewe mpaka kioo cha duka kikatetemeka, na jina lililotoka likawa Buhlal. Akaniuliza kama ninaona haya. Nikamwambia kwamba mke wangu, Shama, jina lake maana yake ni kidoa cha urembo cha shavuni. Mwanamume aliyeishi miaka thelathini na doa zuri bila kulitambua ana mengi ya kuonea haya, na la redio ni dogo kati ya hayo. Akapunguza sauti ya redio. Nimeiandika siku hiyo kitabuni.

Rahma ameleta sahani ya vitumbua vya lozi, na ujumbe kwamba hakujua paa lake lina heshima kiasi hicho. Lalla Shama ameirudisha sahani ikiwa imejaa tini, na mwaliko wa kuja kutazama mwezi. Jana walikuwa juu wote wawili. Darubini hawakunipa.

Nilimfikishia mke wangu hesabu yako ya miaka elfu kumi na moja. Alisema mgeni anayekawia hivyo asitarajie kukuta chakula cha moto. Kisha akasimama nyuma ya bega langu, mahali pake palepale, akakitikisa kidau, akaona wino umo, na akaniamuru niandike maneno yafuatayo kama yalivyo, nisiongeze wala nisipunguze:

"Zhor, mwanangu, mwandikie huyo Mjapani, umpe salamu zangu. Umuulize kwa adabu: mkewe aliiona lini?"